Peptidi moja, vichupa vitatu: ya maabara, ya kipodozi au ya dawa?

Kuna swali ninaloulizwa kwa sura tatu. Wa kwanza ameona kichupa cha unga wa buluu kilichoandikwa GHK-Cu, yaani peptidi ya GHK iliyoshika shaba, usafi asilimia 98, na bei yake ni ndogo kuliko ya seramu inayotaja jina hilohilo. Anataka kujua kwa nini asinunue unga akajichanganyia mwenyewe. Wa pili ni mwanafunzi wa utafiti ambaye bajeti imembana, na anauliza kama peptidi ya asilimia 80 itamtosha au lazima alipie ya 98. Wa tatu hana haja na unga wala majaribio. Amesimama mbele ya rafu na chupa mbili mkononi, moja ya peptidi na moja ya retinoli (aina ya vitamini A), na anataka kujua ipi itamfaa usoni.

Nimekaa miaka mingi upande wa maabara nikivipokea vichupa hivi, nikisoma vyeti vyake na kuvikataa vingine. Watatu hawa nitawajibu pamoja, maana tatizo lao ni moja. Jina lililo kwenye lebo linakueleza molekuli ni ipi. Halikuelezi kitu hicho kimetengenezwa na kupimwa kwa ajili ya kazi gani, na hapo ndipo watu huuziwa mbuzi kwenye gunia.

Uchafu wa peptidi hutoka wapi

Peptidi ni mnyororo mfupi wa asidi amino. Mnyororo huohuo ukirefuka huitwa protini, na mpaka kati yao, ambao si mkali, wengi huuweka karibu na asidi amino 50. Insulini ina 51, kwa hiyo imekaa mpakani kabisa. Oksitosini ina 9 tu. Vincent du Vigneaud aliitengeneza maabara mwaka 1953, na miaka miwili baadaye akapewa Tuzo ya Nobel. Mwaka 1963 Bruce Merrifield alichapisha njia nyepesi zaidi: asidi amino ya kwanza inashikizwa kwenye chembe ngumu ndogondogo, ya pili inaungwa juu yake, mabaki yanaoshwa, ya tatu inaungwa, na kuendelea hadi mnyororo ukamilike na kukatwa kutoka kwenye chembe. Naye alipata Nobel mwaka 1984. Sehemu kubwa ya unga wa peptidi unaouzwa leo kwa watafiti hutengenezwa kwa njia hiyo.

Njia hiyo ndiyo inayoeleza uchafu. Tuseme kila hatua ya kuunga inafaulu kwa asilimia 99, kiwango ambacho fundi yeyote angekifurahia. Peptidi ya asidi amino 10 itakuwa na minyororo kamili karibu asilimia 91. Ya 30 itashuka hadi 75 hivi, na ya 50 hadi 61. Kilichobaki ni minyororo iliyopungukiwa na asidi amino moja hapa, nyingine pale, inayofanana mno na ile unayoitaka. Kuitenganisha na iliyo kamili ni kazi ngumu na ya gharama. GHK ina asidi amino tatu tu, yaani glisini, histidini na lisini, kwa hiyo ni rahisi kuitengeneza vizuri. Lakini ukikuta peptidi ya asidi amino 30 au 40 inauzwa kwa bei inayokaribiana na ya GHK, jiulize ni hatua gani ya usafishaji iliyorukwa.

Hivi ndivyo madaraja matatu yanavyotofautiana:

| | Ya maabara | Ya kipodozi | Ya dawa |
|---|---|---|---|
| Imekusudiwa | seli, vimeng'enya, wanyama wa utafiti | juu ya ngozi isiyo na jeraha | mwili wa mgonjwa, mara nyingi kwa sindano |
| Hupimwa nini | usafi kwa mashine ya HPLC, masi ya molekuli | vijidudu, uthabiti, usalama wa mchanganyiko mzima | utambulisho, kiasi halisi, kila uchafu, endotoksini (sumu ya bakteria), kutokuwa na vijidudu |
| Huja kama | unga mkavu | seramu, krimu, losheni | dozi iliyopimwa |
| Anayebeba jukumu | mtafiti mwenyewe | mwenye kipodozi | mtengenezaji mwenye kibali na daktari |

Mstari wa mwisho ndio ninaotamani usomwe mara mbili. Peptidi ya maabara ikiandikwa «kwa utafiti tu, si kwa matumizi ya binadamu», muuzaji anakukabidhi jukumu lote. Anasema wazi kwamba hakuna aliyekipima kitu hiki kwa kufikiria kwamba kitaingia mwilini mwako.

Kwa mtafiti: usafi si kiasi

Cheti cha uchambuzi hubeba namba mbili ambazo hata watu wa maabara huzichanganya. Usafi hupimwa kwa HPLC, mashine inayotenganisha vilivyomo na kuviona kwa mwanga wa urujuanimno, kwa kawaida kwenye nanomita 214 au 220 ambako vifungo vya peptidi hufyonza mwanga. Mashine hiyo haioni maji wala chumvi. Kwa hiyo «asilimia 98» maana yake ni kwamba kati ya vitu vilivyoonekana, 98 ni peptidi unayoitaka. Haimaanishi kwamba ukipima miligramu 10 za unga una miligramu 9.8 za peptidi.

Namba ya pili ni kiasi halisi cha peptidi ndani ya unga, na mara nyingi hucheza kati ya asilimia 60 na 90. Kinachojaza pengo ni maji na chumvi, hasa ya TFA, asidi inayotumika wakati wa kukata mnyororo na kuusafisha. Chukua GHK yenyewe, bila shaba. Uzito wake ni daltoni 340 (daltoni ni kipimo cha uzito wa molekuli), na ina sehemu tatu zinazoweza kubeba chaji chanya: mwanzo wa mnyororo, histidini na lisini. TFA moja ina uzito wa 114. Sehemu zote tatu zikishika TFA, daltoni 342 za chumvi zimejiongeza juu ya 340 za peptidi, yaani nusu ya unga wako si peptidi kabisa. HPLC bado itaandika 98, na haitakuwa imedanganya.

Niliwahi kuona jaribio la seli za ngozi likiyumba wiki kadhaa. Kila dozi ikipanda, seli zinapungua kasi ya kukua, na kijana aliyelifanya alikuwa ameshaanza kuandika kwamba peptidi ile ni sumu. Tulipoagiza mfuatano uleule wa asidi amino ukiwa kwa umbo la asetati, yaani chumvi nyingine badala ya ile ya TFA, tatizo likatoweka. Kilichozisumbua seli ni TFA. Tangu siku hiyo ushauri wangu ni huu: kama peptidi inaingia kwenye seli hai au mnyama, agiza asetati au hidrokloridi tangu mwanzo, hata ikikugharimu wiki moja zaidi ya kusubiri. Kama inaingia kwenye jaribio la kimeng'enya ndani ya bafa yenye nguvu (mmumunyo unaozuia asidi kupanda au kushuka), TFA mara nyingi haina neno.

Kuhusu usafi wenyewe, usivutwe na namba kubwa kwa ukubwa wake. Kutengeneza kingamwili au kuchuja mamia ya mifuatano kwa mara ya kwanza, asilimia 70 au 80 inatosha, na pesa utakayookoa itakupa mifuatano mingi zaidi ya kujaribu. Ukifika kwenye kupima nguvu ya kizuizi au mwitikio wa seli, panda hadi 95, kwa sababu mnyororo uliopungukiwa na asidi amino moja unaweza kushindana na ule kamili kwenye kipokezi kilekile, na matokeo yako yakasomeka vibaya bila wewe kujua. Asilimia 98 na zaidi iache kwa kazi za kuchunguza umbo la molekuli, au pale peptidi inapotumika kama kipimo cha kulinganishia. Mwanafunzi aliyeniuliza alikuwa anapima seli. Nilimwambia anunue ya 95 kwa umbo la asetati, aachane na ya 98 yenye TFA aliyokuwa anaipigia hesabu. Bei zilikaribiana.

Cheti chenyewe kikaguliwe kabla ya kulipa. Namba ya bechi iliyo kwenye cheti ilingane na iliyo kwenye kichupa. Lazima kuwe na mchoro wa HPLC, si namba tupu, na matokeo ya spektrometa ya masi, mashine ya kupima uzito wa molekuli, yanayoonyesha uzito uliopatikana ukikaribia uzito uliotarajiwa. HPLC peke yake haikuambii kitu hicho ni nini. Inakuambia tu kwamba kipo kimoja kwa wingi. Nimewahi kupokea cheti kizuri sana, mchoro safi, mlima mmoja umesimama katikati kama mnara, lakini tarehe ya uchambuzi ilikuwa ya kabla ya tarehe ya kutengenezwa. Tukakirudisha kichupa bila kukifungua.

Uhifadhi nitaupitia haraka. Unga mkavu ukae kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri. Kabla ya kufungua, kiache kichupa kifikie joto la chumba, la sivyo unyevu wa hewa utaganda juu ya unga baridi na kuulowesha. Mifuatano yenye sisteini, methionini au triptofani huharibiwa na oksijeni upesi, na ile ambayo asparajini imekaa kando ya glisini hubadilika taratibu ikiwa majini. Ukishaiyeyusha, igawe katika vijichupa vya matumizi ya mara moja, kwa sababu kugandisha na kuyeyusha tena na tena kunaua peptidi nyingi kuliko muda wenyewe.

Ya dawa: ukiona vyaelea, vimeundwa

Peptidi zilizofanikiwa kuwa dawa ni ushahidi kwamba molekuli hizi zina nguvu kweli. Eksenatidi, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2005 kwa kisukari, ilitokana na peptidi iliyogunduliwa kwenye mate ya mjusi mwenye sumu aitwaye Gila. Zikonotidi, ya mwaka 2004, inatokana na sumu ya konokono wa baharini, na hutumika kwa maumivu makali yasiyosikia dawa nyingine. Semaglutidi, iliyoidhinishwa mwaka 2017, ina asidi amino 31 zilizofungwa mkia wa mafuta unaoisaidia kushikamana na albumini ya damu, na ndiyo maana hudungwa mara moja kwa wiki badala ya kila siku.

Nguvu hiyohiyo ndiyo inayonifanya niseme kwa msisitizo: unga wa maabara hauingii kwenye sindano. Usafi wa asilimia 99 hausemi chochote kuhusu endotoksini, vipande vya ukuta wa bakteria ambavyo vikiingia kwenye damu huleta homa, kushuka kwa presha na, vikizidi, kifo. Kwa dawa nyingi za sindano kikomo ni vizio 5 vya endotoksini kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa saa, na bechi isiyofaulu haitoki kiwandani. Wapo wanaodhani chujio la mikromita 0.22 litawaokoa. Chujio hilo linazuia bakteria wazima, lakini endotoksini hupita humo kama maji.

Kisha kuna dozi. Mwaka 2024 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilitoa onyo baada ya watu kujidunga semaglutidi kupita kiasi, mara kadhaa ya dozi iliyokusudiwa, wengine wakaishia hospitali. Dawa ile ilikuwa imechanganywa kwenye maduka ya dawa na kutolewa kwenye vichupa, na wagonjwa wakachanganya miligramu, mililita na alama za bomba la sindano. Hao walikuwa na mfamasia nyuma yao. Anayeyeyusha unga mezani kwake, asiyejua hata kiasi halisi cha peptidi ndani ya unga huo, anakisia mara mbili.

Zipo nyingine zinazotembea kwa jina la utafiti bila kuwa dawa iliyoidhinishwa. BPC-157, inayosifiwa kwa kuponya misuli na kano, imetajwa kwa jina kwenye orodha ya vitu vilivyopigwa marufuku na WADA, shirika la kupambana na dawa haramu michezoni, tangu 2022, kwa hiyo mwanamichezo anayeigusa anahatarisha kazi yake. Melanotani II, inayodungwa ili kuifanya ngozi iwe nyeusi, imeonywa na mamlaka za dawa za nchi kadhaa. Miongoni mwa madhara yake ni kichefuchefu na alama za ngozi kubadilika rangi, jambo linaloweza kumpoteza daktari anayetafuta dalili za saratani. Hapa sina ulinganisho wa kukupa. Ukihitaji peptidi mwilini, pita kwa daktari na kwa bidhaa yenye kibali. Ukiikosa huko, usiitafute mahali pengine.

Ya ngozi: uzito wa molekuli kwanza

Mwaka 2000 Bos na Meinardi waliandika kanuni ambayo hadi leo wachanganyaji wa vipodozi huianzia: molekuli ikizidi daltoni 500, kuipita ngozi nzima kunakuwa kugumu sana. Iweke kanuni hiyo mbele ya rafu uone. Niasinamidi (aina ya vitamini B3) ina daltoni 122, vitamini C 176, retinoli 286. GHK ina 340, na ikishika shaba hufika 403 hivi. Kisha peptidi zinazovuma zaidi zinaruka mstari: Palmitoyl Pentapeptide-4 ina karibu 802, Acetyl Hexapeptide-8 karibu 889.

Uzito si hadithi yote. GHK ni nyepesi lakini inapenda maji, na tabaka la juu la ngozi limejaa mafuta. Palmitoyl Pentapeptide-4 ni nzito kwa sababu imefungwa mkia wa asidi ya mafuta kwa makusudi, ili ikubaliane na mafuta hayo. Hata hivyo namba hizi zinaeleza kwa nini retinoli ina historia nzito na peptidi bado zinajieleza.

Tuanze na peptidi ya shaba, Copper Tripeptide-1. Loren Pickart aliitambua GHK mwaka 1973 ndani ya plazima ya binadamu, na utafiti wake na wa waliomfuata uliielekeza kwenye uponaji wa majeraha na utengenezaji wa kolajeni, protini inayoipa ngozi uimara. Ninaipenda kwa ngozi iliyochoka, iliyokaushwa na asidi au inayojijenga upya. Udhaifu wake ni majirani. Shaba huchochea vitamini C kuharibika kwa oksijeni, na asidi kali huvunja kifungo kati ya shaba na peptidi. Ukiipaka peptidi ya shaba na seramu ya asidi askobiki (ndiyo vitamini C) kwa wakati mmoja, unaharibu vyote viwili. Vitenge: vitamini C asubuhi, shaba usiku. Rangi ya buluu ya seramu hii ni shaba yenyewe iliyoshikwa na peptidi, na ikipauka au kugeuka kijani, mchanganyiko umebadilika.

Palmitoyl Pentapeptide-4 ina mfuatano wa KTTKS (herufi za asidi amino zake tano), kipande kilichotolewa kwenye kolajeni ya aina ya kwanza kabla haijakomaa. Wazo lake ni zuri: seli ikiona kipande cha kolajeni iliyovunjika, idhani kuna ukarabati wa kufanya. Utafiti unaojulikana zaidi ni wa 2005, uliofanywa na wanasayansi wa kampuni ya vipodozi. Wanawake 93 walipaka upande mmoja wa uso krimu yenye peptidi na upande wa pili krimu isiyo nayo, kwa wiki 12, na makunyanzi madogo yakapungua kidogo upande wa peptidi. Nasisitiza neno kidogo. Lakini peptidi ilikuwa sehemu 3 tu kwa milioni, yaani asilimia 0.0003. Kwa hiyo ukiiona mwishoni kabisa mwa orodha ya viambato, usikasirike, hapo ndipo mahali pake. Sheria za Ulaya na Marekani zinataka viambato vipangwe kwa wingi hadi asilimia 1, na vilivyo chini ya hapo vipangwe vyovyote mwuzaji apendavyo.

Acetyl Hexapeptide-8 ndiyo inayoitwa botoksi ya kupaka, na ndiyo ninayoiamini kidogo kuliko zote. Inaiga ncha ya protini ya SNAP-25, ile ambayo sumu ya botulinamu huikata ili neva isiuamrishe msuli kujikunja. Kwenye sahani ya maabara mantiki inakaa sawa. Usoni, molekuli ya daltoni 889 inatakiwa ivuke ngozi yote, ifike neva iliyo karibu na msuli, ikiwa nyingi vya kutosha. Utafiti wa 2002 uliotangaza kupungua kwa kina cha makunyanzi hadi asilimia 30 ulifanywa kwa wanawake 10, siku 30. Huo ni mwanzo wa swali, na wauzaji wameugeuza kuwa jibu. Seramu zake nyingi huloanisha ngozi vizuri, na ngozi iliyoloana huonekana laini. Kama hilo linakutosha, inunue kwa bei ya kiloanishi.

Hapohapo kuna mtego wa asilimia. Ikiandikwa «asilimia 10» ya kiambato cha peptidi, mara nyingi yanahesabiwa maji ya kiwandani ambayo peptidi imeshayeyushwa ndani yake. Kama maji hayo yana asilimia 0.05 ya peptidi, seramu yako ina asilimia 0.005. Hakuna uongo ulioandikwa, lakini kulinganisha chupa mbili kwa namba hiyo ni sawa na kulinganisha chai mbili kwa ukubwa wa birika.

Sasa retinoli. Ngozi huigeuza hatua kwa hatua hadi asidi ya retinoiki, ambayo huingia ndani ya kiini cha seli na kubadilisha jeni zipi zinasomwa. Asidi hiyohiyo, kwa jina la tretinoini, iliidhinishwa Marekani kwa chunusi mwaka 1971, na mwaka 1995 krimu yake ikaidhinishwa kwa makunyanzi madogo yaletwayo na jua. Hakuna peptidi ya kupaka yenye historia kama hiyo. Gharama yake ni kuwashwa, kubanduka na wekundu katika wiki za mwanzo, na ni lazima iachwe wakati wa ujauzito na wakati wa kuutafuta.

Kwa hiyo yule aliyesimama mbele ya rafu nitamwambia hivi. Kama huna ujauzito, ngozi yako si nyepesi kukasirika na shida yako ni makunyanzi, chukua retinoli, anza usiku mbili kwa wiki, na uipe miezi mitatu kabla ya kuihukumu. Kama retinoli imekuunguza, au una ujauzito, peptidi ni mbadala mpole, na kati yake ningechagua ya shaba au Palmitoyl Pentapeptide-4. Kama shida yako ni madoa meusi na si makunyanzi, viache vyote viwili uchukue niasinamidi ya asilimia 4 au 5. Inapunguza melanini, yaani rangi ya ngozi, inayosafirishwa kwenda seli za juu, ni ya bei nafuu, na haigombani na karibu chochote. Na kama hupaki krimu ya kukinga jua, anza na hiyo, pesa ya seramu iache mfukoni hadi krimu ya jua iwe imeshakuwa mazoea.

Ukiisha kuchagua, tazama chombo. Kopo la mdomo mpana linalochovywa vidole halifai peptidi wala retinoli. Tafuta pampu isiyoingiza hewa, isiyopitisha mwanga.

Kujichanganyia mwenyewe

Narudi kwa mwenye unga wa buluu. Seramu ya mililita 30 yenye asilimia 1 ya GHK-Cu inahitaji miligramu 300. Unga wa maabara huja katika vichupa vidogo, tuseme vya miligramu 50, kwa hiyo utahitaji sita. Bei rahisi uliyoiona imeyeyuka kabla hujafungua kizibo. Upande wa pili, ukitaka kuiga ule utafiti wa sehemu 3 kwa milioni, gramu 30 za krimu zinahitaji miligramu 0.09 za peptidi, na hakuna mizani ya nyumbani inayoweza kupima hivyo.

Bado hatujafika kwenye kihifadhi. Mchanganyiko wa maji na peptidi ni chakula cha bakteria na kuvu, na bila kihifadhi kilichopimwa unaweza kuota ndani ya siku chache bila harufu wala dalili. Kipodozi cha kiwandani hujaribiwa kwa kutiwa vijidudu makusudi ili kuona kama kihifadhi kinavimudu. Jikoni hakuna wa kufanya hivyo.

Wapo wachanganyaji wadogo wanaojua kazi yao, na kwao nina neno tofauti: nunueni malighafi ya daraja la kipodozi, iliyoyeyushwa tayari, yenye cheti cha bechi, taarifa ya vijidudu na ya metali nzito, na kiwango cha matumizi kilichopendekezwa na mtengenezaji. Ukiagiza kwa namba ya CAS, namba ya utambulisho wa kila kemikali, peke yake umeagiza molekuli, hujaagiza daraja. Asidi ya glikoliki ina namba ileile, iwe ni ya viwandani kwa asilimia 70 ya kusafishia mitambo au ile iliyokusudiwa ngozi, na hiyo ya 70 ikiwekwa usoni bila kupunguzwa na bila mtaalamu huunguza kwa dakika chache. Kwa bidhaa za kung'arisha ngozi, taarifa ya metali nzito isikosekane kamwe. Mkataba wa Minamata wa 2013 uliweka kikomo cha zebaki kwenye vipodozi vya namna hiyo kuwa miligramu 1 kwa kilo, kikomo kilichoondolewa baadaye ili zebaki ikatazwe kabisa, na bado zinakamatwa zinazokizidi mara maelfu.

Na kama unga tayari unao nyumbani? Usiudunge, usiupake, na usimpe mtu mwingine ajaribu. Uache umefungwa, mbali na watoto, kisha uulize duka la dawa au mamlaka ya taka ya eneo lako namna ya kuutupa. Maabara haitaupokea, kwa sababu kichupa kilichokaa kwenye kabati la bafuni bila kumbukumbu ya joto lake hakiwezi tena kutegemewa hata kwa jaribio la seli.